Kijana wa Kuzikwa

1

Trekta lilikuwa bado linaunguruma gari la dharura lilipofika. Lilikuwa limembana Swalehe Gwandi kwenye ukuta wa ghala la alizeti, kisha likarudi nyuma lenyewe, kama lilivyofunzwa kufanya kila linapogusa kitu kisicho mmea. Sasa lilisimama kando, taa zimewaka mchana kweupe, likingoja kuambiwa liendelee na kazi.

"Lizimeni hilo," Mwanaidi alisema, akishuka na begi lake.

"Halimsikii mtu ila msimamizi," kibarua mmoja alimjibu. "Na msimamizi ndiye huyo aliye chini."

Mwanaidi Kidunda alipiga magoti kwenye makapi ya alizeti. Alianza kazi ya uhudumu wa dharura kabla koti halijaletwa, na katika wilaya nzima ya Kondoa walikuwa wamebaki wachache wa rika lake, waliowahi kuifanya kazi hii kwa mikono.

"Unaitwa nani?"

"Swa… lehe."

"Inatosha. Usiseme tena."

Midomo yake ilikuwa imeingia rangi ya zambarau. Kifua cha kulia kilipanda na kushuka haraka kama cha kuku aliyefukuzwa. Cha kushoto kilikuwa kimetuna na kutulia. Koo lilikuwa limesukumwa upande. Mwanaidi aliweka sikio kifuani, kulia, kisha kushoto. Kushoto palikuwa kimya. Ubavu uliovunjika ulikuwa umetoboa pafu, hewa ikivuja ndani ya kifua na kukosa pa kutokea, na kila pumzi iliongeza nyingine. Hewa hiyo ikizidi huubana moyo mpaka usimame. Ni hali inayoua haraka, na inayotibika kwa sindano moja.

Lubuva, mwenzake, alikuja nyuma akiburuta koti. Gari lilijiendesha lenyewe. Yeye aliajiriwa kwa sababu koti ni zito na sheria inataka wahudumu wawe wawili.

"Oksijeni sabini na sita," alisoma kwenye kishikwambi. "Chini ya themanini na tano ni koti. Haya, mnyanyue mkono tumalize, jua kali."

Koti halikuwa koti. Lilikuwa gamba la plastiki ngumu lenye mirija miwili ya shingoni. Likifungwa, lilivuta damu ya mtu na kuingiza mahali pake umajimaji wa baridi, na kabla chai haijapoa moyo ulikuwa umesimama bila mtu kufa. Haozi, hazeeki, hasikii maumivu. Mamlaka ya Tulizo ilimwita mtulizwa. Mtaani walimwita mgando. Alipelekwa Bohari, akalazwa kwenye rafu, akangoja siku ambayo kanda itapata nafasi ya kumwamsha na kumtengenezea kilichoharibika. Kumwamsha mtu mmoja kulitaka jopo zima la mabingwa kwa siku mbili. Kanda ilikuwa na jopo moja na makoti mia nne. Hesabu hiyo haihitaji shule kubwa, na labda ndiyo maana haikutajwa kwenye hotuba. Kilichotajwa ni kwamba tangu Tulizo lianze, miaka saba iliyopita, hakuna mgonjwa aliyefia mikononi mwa mhudumu. Ubavuni mwa gari lao palichorwa sifuri ya kijani, kubwa kama gurudumu.

Mwanamke mmoja alikuja mbio kutoka kwenye mizani, kanga imemwanguka mabegani. Hakumtazama mgonjwa. Alilishika koti kwa mikono miwili.

"Msimvike hili."

"Shemeji, achia," Lubuva alisema kwa upole wa mtu aliyekwisha kuyasema mara nyingi. "Hafi mtu hapa."

"Ndiyo maana siachii."

"Wewe ni nani wake?" Mwanaidi aliuliza, vidole vyake bado viko shingoni mwa Swalehe.

"Mke wake. Mwajabu." Alihema. "Dada, mama mkwe yumo humo mwaka wa sita. Kila Idi tunapika, tunakwenda, tunasimama mbele ya kioo, tunarudi na sufuria. Baba mkwe hajui amwombee rehema au amwombee afya. Mkimvika na huyu, mimi nitakuwa nani?"

Halikuwa swali la mtu aliyepagawa. Lilikuwa swali la sheria, na sheria ilikuwa na jibu: mtulizwa yu hai. Mkewe ni mke. Hakai eda, haolewi, mirathi haigawanywi, na sala ya jeneza haisaliwi juu ya mtu ambaye hajafa. Masheikh walibishana juu ya jambo hilo kwa miaka miwili, kisha wakanyamaza mmoja mmoja, kadiri kila mmoja alivyopata mtu wake rafuni.

"Sabini na tatu," Lubuva alisema.

Mwanaidi hakuamua kwa huruma. Alipima. Mgonjwa ana umri wa miaka thelathini hivi, ana nguvu, ana jeraha linalojulikana, na tiba yake anaijua. Alifungua mfuko wa ndani wa begi, akatoa sindano nene ambayo ilishafutwa kwenye orodha ya vifaa vya gari. Alikuwa akiinunua mwenyewe na kuibadilisha kila ilipopitwa na tarehe, na hakuwahi kujiuliza kwa nini.

"Usifanye hivyo," Lubuva alisema, sauti imeshuka. "Mwanaidi. Nisikilize. Ukimvika, hakuna wa kukuuliza. Ukimchoma akafa, ni wako. Peke yako. Mimi nina watoto wanasoma."

"Geuka basi utazame trekta."

Lubuva aligeuka akatazama trekta.

Mwanaidi alihesabu mbavu kwa kidole, chini ya katikati ya mtulinga, nafasi ya pili. Akapaka spiriti. Kabla ya kuchoma kuna jambo moja lilimgusa: mishipa ya shingo. Katika hali ile ilipaswa kutuna kama kamba. Ilikuwa bapa. Aliliona hilo, akalipita, kwa sababu namba ya oksijeni ilikuwa imefika sabini.

Hewa ilitoka kwa mlio wa gurudumu la baiskeli linalofunguliwa upepo. Koo lilirudi taratibu katikati. Swalehe alivuta pumzi moja ndefu, akakohoa, akafumbua macho.

"Themanini na moja," Lubuva alisema, akiwa bado amewapa mgongo. Baada ya muda akasema, "Tisini. Mwanaidi, tisini."

Vibarua hawakushangilia. Walisogea karibu, wakakunja shingo kutazama, kama watu walioona mashine ya babu zao ikifanya kazi.

2

Garini Swalehe aliweza kuzungumza maneno mawili matatu kwa pumzi moja. Mwajabu alikaa miguuni pake, ameshika vidole vyake vya mguu kwa kuwa mikono ilikuwa na nyaya.

"Lile trekta," Swalehe alisema. "Wamelipa jina?"

"Nyamaza, upumzike."

"Liiteni shemeji. Limenisukuma… kama kaka yako… siku ya mahari."

Mwajabu alicheka, akajifuta pua kwa kanga. Lubuva naye alicheka mbele. Mwanaidi aliishikilia sindano isihame, akatazama kijiji cha Mnenia kikipita dirishani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alisikia ile hali aliyokuwa akiisikia zamani mgonjwa anapoanza kutania: wepesi katika mabega, basi. Hakuwa na jina lake. Alidhani ni hiyo iliyomtoa kwenye ualimu akaja huku.

"Nina kiu," Swalehe alisema.

"Tukifika."

"Kiu kweli, dada."

Mwanaidi aligeuka kumtazama. Oksijeni ilikuwa tisini na tatu. Lakini midomo haikuwa ya zambarau tena; ilikuwa nyeupe. Jasho jembamba lilikuwa limetanda juu ya paji. Mapigo ya moyo yalikuwa mia moja na arobaini na yanapanda. Aliinua shati, akaweka kiganja juu ya tumbo, upande wa kushoto, chini ya mbavu.

Lilikuwa gumu kama ubao.

Ule ukuta haukuvunja ubavu wa juu peke yake. Ulivunja na mbavu za chini, na chini ya mbavu hizo kuna bandama, na bandama ikipasuka humwaga damu ndani ya tumbo bila kutoa hata tone nje. Mishipa ya shingo ilikuwa bapa kwa sababu damu ilishapungua. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa zamani angelijua. Mtu akianguka, unapapasa kichwa, shingo, kifua, tumbo, nyonga. Ndivyo alivyofundishwa, na yeye mwenyewe alifundisha wengine hivyo. Lakini koti lilitaka vipimo viwili tu, vya kifua na vya shingo. Miaka saba alikuwa amegusa kifua na shingo, akavika, akaondoka. Mkono ulikuwa umesahau njia ya kushuka.

"Lubuva. Koti."

Lubuva aliruka kiti. Walilifunga kwa haraka ambayo hawakuwahi kuifikia hata kwenye mazoezi. Mwajabu hakulishika safari hii. Alikuwa amegandamana na mlango, macho makavu. Mirija iliingia. Koti lilitafuta mtiririko wa damu, likasita, likatafuta tena. Koti husukuma umajimaji wake kwa kufuata damu inayotembea. Damu ya Swalehe Gwandi ilikuwa imelala tumboni mwake.

"Linakataa," Lubuva alisema. "Presha iko chini mno. Linakataa."

Mwanaidi alilivua, akapanda juu ya machela, akabonyeza kifua kwa mikono miwili, na aliendelea kubonyeza hata baada ya kujua kwamba alikuwa anasukuma moyo usio na kitu ndani. Gari lilijiendesha vizuri. Lilipunguza mwendo kwenye matuta.

Alipoacha, Mwajabu ndiye aliyezungumza kwanza.

"Amekufa?"

"Amekufa."

"Kufa kwenyewe? Hakuna mahali mtakapompeleka?"

"Hakuna. Ni wako."

Mwajabu alisogea, akamfumba macho mumewe kwa kidole gumba. Akavua ushungi wake, akamfunga taya, fundo likakaa utosini, kwa utulivu wa mtu aliyekuwa ameuwaza wakati huo kwa muda mrefu na kukata tamaa ya kuupata. "Alhamdulillahi," alisema. Kisha akaanza kulia.

3

Daktari Mlekwa, mratibu wa Tulizo wa wilaya, alikuwa mtu mstaarabu. Alimkaribisha Mwanaidi kiti, akamwagiza mtu alete chai, akamuuliza habari za nyumbani. Mwanaidi alijibu zote, kisha akaeleza tukio kwa mpangilio: jeraha, sindano, mishipa ya shingo, tumbo.

"Nashukuru kwa maelezo," Daktari Mlekwa alisema. "Lakini mfumo ulishafunga taarifa jana jioni. Mgonjwa alifariki kabla gari halijafika."

"Alizungumza nasi njiani. Alitania kuhusu mahari yake."

"Nimesikia."

"Basi hakufa kabla."

"Mwanaidi, kunywa chai." Alimsogezea kikombe. "Anayekufa kabla hatujafika hahesabiwi. Anayekufa baada ya kufika anahesabiwa. Wewe ulikuwa na koti, hukuvika. Kwa hiyo kihuduma, hamkuwa mmefika."

"Nimefanya kosa la kitaalamu. Sikupapasa tumbo."

"Katika wahudumu wetu wote, wangapi wanapapasa tumbo?"

Mwanaidi alifikiri kwa uaminifu. "Hakuna."

"Basi hilo si kosa. Ni utaratibu."

"Kama ni utaratibu, unaua."

"Hauui mtu. Ndiyo maana ya koti." Aliyasema bila kejeli. "Ungefuata taratibu, kijana yule angekuwa hai sasa hivi. Nakuuliza kama mtaalamu kwa mtaalamu: ni uongo?"

Haukuwa uongo. Mwanaidi alikigeuza kikombe, akakigeuza tena.

"Nataka kikao," alisema. "Niulizwe mbele ya watu. Nikifukuzwa nifukuzwe, lakini iandikwe kwamba alitibiwa, na tiba ilikosewa wapi. Wenzangu wafundishwe upya. Nitawafundisha mimi, bure."

"Kikao cha nini, mama? Hakuna kifo." Daktari Mlekwa alisimama, akafungua mlango kwa adabu. "Keshokutwa una zamu. Na nenda msibani. Ni vizuri sisi tuonekane."

4

Alikwenda baada ya adhuhuri, wakati wanaume wameshaondoka na jeneza. Alitarajia watu wa ukoo na majirani. Alikuta magari yameegeshwa mpaka barabara kuu, na uwanja umefunikwa na mikeka na wanawake ambao, kwa namna walivyoulizana majina, hawakuwa wakijuana.

Kondoa haikuwa imeacha kuzika. Vikongwe walizikwa, waliofia vitandani mwao bila mtu wa kuita gari. Lakini kijana, mwenye mke, mwenye meno yake yote, alikuwa hajazikwa tangu koti lije. Watu walikuja kutoka Bereko na Haubi, wengine kutoka Babati, kwa kusikia tu. Walilia kwa sauti, na Mwanaidi alipopita katikati yao alisikia wanachokilia. Kulikuwa na aliyemlilia Mwanaharusi wake aliye rafuni. Kulikuwa na aliyemlilia Bakari, na pacha wawili. Jina la Swalehe halikutajwa sana.

Kwenye jiko la nje bibi mmoja mfupi, mwiko mkononi, alimkamata kiwiko. Aliitwa Bi Kijida, shangazi wa mbali wa marehemu.

"Wewe ndiye uliyemruhusu afe?"

"Sikumruhusu, bibi. Nilikuwa namtibu. Nikakosea."

"Ee," Bi Kijida alisema, akiitikia kwa kichwa kama mtu anayeitikia uongo wa lazima. "Sema hivyo hivyo. Serikali ina masikio." Alikoroga sufuria la wali, kisha akasema bila kumtazama, "Mwanangu yuko Bohari, mlango wa pili, rafu ya juu kabisa. Ana kovu kidevuni. Siombi kitu. Nimesema tu aliko."

"Bibi, mimi siwezi…"

"Nimesema siombi."

Mwanaidi alivua viatu mlangoni, akaingia chumba cha ndani. Mwajabu alikuwa amekaa juu ya godoro lililowekwa sakafuni, amevaa nguo nyeupe za eda, uso umevimba. Wanawake wawili waliokuwa naye walisimama, wakampisha, wakatoka bila kuambiwa.

"Karibu, dada. Kaa."

"Pole, Mwajabu."

"Nimeshapoa. Wamesema miezi minne na siku kumi." Aliupapasa mkono wa nguo yake. "Ina mwisho. Mama mkwe, mwaka wa sita, na mwisho hakuna anayeujua."

Mwanaidi alikaa. Alikuwa ameyapanga maneno njiani na aliyatoa kama alivyoyapanga, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuheshimu mtu ila kumpa ukweli uliokamilika.

"Nimekuja kukwambia kilichomuua mumeo. Sindano ilikuwa sahihi. Lakini tumboni alikuwa anavuja damu, na mimi sikumgusa tumbo. Ingenichukua muda mfupi sana. Dalili niliiona shingoni, nikaipita. Hukuniomba nimuue, wala mimi sikutaka afe. Nilitaka apone, na amekufa kwa kukosea kwangu. Ofisini wamekataa kulisikia. Wewe una haki ya kulisikia."

Nje mtu aliangusha sinia, wakacheka kidogo, wakanyamaza.

"Ungemgusa tumbo," Mwajabu alisema polepole, "ungefanya nini?"

"Ningejua kwamba hospitali ni mbali, na damu haitangoja."

"Ukishajua, ungefanya nini?"

Mwanaidi aliona swali linakoelekea, na hakuwa na njia ya kulikwepa isipokuwa kudanganya.

"Ningemvika koti."

"Hata kama ningelishika."

"Ningeibandua mikono yako. Ilikuwa njia pekee."

Mwajabu aliinua uso. Alimtazama kwa makini, si kwa chuki, kama anayemtazama mtu aliyenusurika kuwa adui yake.

"Basi namshukuru Mungu kwamba hukugusa," alisema.

"Mwajabu. Alikuwa anapona. Alicheka."

"Alicheka, nikamsikia. Na leo nimejua atakapolala." Alivuta shuka, akafunika miguu yake. "Unataka nikukasirikie ili upumzike. Siwezi, dada. Sina hasira ya kukupa."

"Mimi kazi yangu ni kuponya watu."

"Kazi yako ilikuwa kuvika koti. Uwanjani umewaona wale? Hakuna hata mmoja aliyekuja kwa sababu unaponya."

Mwanaidi alimshika mkono, akamwombea subira kwa maneno ya kawaida, akainuka.

Kwenye kizingiti alisimama. Uwanja ulikuwa umenyamaza. Wanawake walikuwa wamesogeza mikeka, wakaacha njia nyembamba kutoka mlangoni mpaka barabarani, na kila aliyekaa kando ya njia hiyo alikuwa ameinamisha macho. Viatu vyake alivyoviacha vikielekea ndani vilikuwa vimefutwa vumbi na kugeuzwa vielekee nje, kama masheikh wanavyogeuziwa vyao.

Alivivaa.